Ufunguo Unazunguka, Stata Kimya: Kuipima Swichi ya Kuwashia ya Volkswagen ya Zamani

Nilitoka Tanga mjini hadi Muheza bila shida yoyote. Nikasimama kituo cha mafuta, nikajaza, nikalipa, nikazungusha ufunguo. Kimya. Taa ya dainamo inawaka, taa ya oili inawaka, lakini stata haisemi hata "tak". Vijana wa bodaboda wakanisukuma, gari likawaka, nikarudi nyumbani bila kuzima injini hata mara moja.

Fundi wa kwanza hakupima kitu. Aliinama, akachungulia chini, akasema stata imekufa. Nikanunua nyingine iliyofanyiwa ukarabati, akaifunga, na gari likawaka vizuri kwa wiki nzima. Wiki ya pili, baada ya safari ndefu, kimya kilekile kikarudi. Mzee mmoja fundi umeme ndiye aliyenifungua macho. Aliweka mita kwenye betri: volti 12.5. Akaniambia nishike ufunguo kwenye stata, akaweka mita kwenye waya mdogo wa solenoidi, ile swichi ya sumaku iliyofungwa kwenye stata: volti 7.8. "Mwanangu," akasema, "stata ni nzima. Umeme haufiki." Ile wiki moja ya raha ilitokana na jambo dogo: wakati wa kubadilisha stata, ncha za waya zilichomolewa na kuchomekwa upya, na kutu ikakwanguka kidogo.

Mwongozo huu ni kwa yeyote mwenye Volkswagen ya mgongo wa kobe, nikimaanisha zile za miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, anayetaka kujua ubovu uko wapi kabla ya kutoa pesa dukani. Karibu kila nitakachosema kinafaa pia kwa magari mengine ya Kijerumani ya wakati huo, kwa sababu namba za vituo vya umeme ni zilezile: 30 ni umeme unaotoka betri moja kwa moja, 15 ni umeme unaokuja ukiwasha ufunguo, na 50 ni umeme wa kuamuru stata. Zishike namba hizo tatu kichwani, maana zimeandikwa kwenye swichi na kwenye solenoidi, ndogo sana lakini zipo.

Njia ambayo umeme unapita

Betri ya gari hili iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Stata iko nyuma pia, imefungwa kwenye giaboksi upande huohuo wa kulia. Ukiangalia tu unadhani umeme unaruka hatua moja na kufika. Waya mnene ndio unaofanya hivyo: unatoka betri na kuishia kwenye boliti kubwa ya solenoidi. Lakini umeme wa kuiamsha solenoidi una safari nyingine kabisa. Kwenye gari nyingi za miaka hiyo unaanzia kwenye boliti hiyohiyo, unapitia kwenye regyuleta ya dainamo (kidhibiti cha chaji), unakwenda mbele hadi swichi ya taa, unaruka kwenye swichi ya ufunguo, kisha unarudi nyuma urefu wote wa gari hadi kituo namba 50. Ni mita kadhaa za waya mwembamba wenye umri wa zaidi ya miaka 50, na kila mahali unapounganishwa pana kibati kilichochomekwa kinachoweza kushika kutu. Kwetu pwani, chumvi ya hewani hufanya kazi hiyo haraka.

Sasa ongeza jambo jingine. Solenoidi inapoanza kuvuta hudai umeme mwingi, ampea 30 hivi au zaidi, kwa muda mfupi sana kabla haijajifunga. Ampea hizo zote hupita kwenye vile vidole vidogo vya shaba ndani ya swichi ya ufunguo. Vikishachomeka na kuwa vyeusi, havikati umeme moja kwa moja, vinaula. Ndiyo maana taa zinawaka na stata inakataa: taa ya oili inahitaji umeme kidogo mno, itawaka hata kwenye njia mbovu.

Na kwa nini hukataa zaidi gari likiwa la moto? Upinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Stata ikipata moto wa injini na ekzosi ukapanda nyuzi 50, koili ya solenoidi inakuwa na upinzani zaidi kwa kama moja ya tano. Asubuhi volti 8 zinaweza kutosha. Mchana baada ya safari hazitoshi. Gari linalowaka asubuhi, likagoma kituo cha mafuta, kisha likawaka tena baada ya nusu saa, lina dalili hii hasa.

Kabla ya kugusa chochote

Gia fri, breki ya mkono juu, jiwe mbele na nyuma ya gurudumu. Siandiki haya kwa mazoea. Kuna vipimo hapa chini vinavyozungusha stata mtu akiwa nje ya gari, na gari likiwa kwenye gia linaruka mbele. Vua pete na saa.

Ukiinua kiti cha nyuma, tazama kama betri ina kifuniko chake. Chini ya kiti kuna springi za chuma. Betri isiyo na kifuniko, au ndefu kuliko ile iliyokusudiwa, huguswa na springi abiria mzito akikaa, na magari ya aina hii yameungua kwa sababu hiyo. Kama kifuniko hakipo, kata kipande cha mpira mnene ufunike kabla hujaendelea na mengine yote.

Zana: mita ya umeme ya kawaida, testa ya taa, spana ya 13, bisibisi, msasa mwembamba, brashi ya waya, kipande cha waya mnene chenye vibanio, na mtu wa kukushikia ufunguo. Mtu huyo ni muhimu kuliko zana zote.

Hatua ya kwanza: sikiliza, kisha tazama taa

Mwambie msaidizi awashe taa kubwa na kupiga stata. Wewe simama nyuma.

Ukisikia "taka-taka-taka" ya haraka na taa zikafifia sana, shida ni betri iliyochoka au vichwa vyake vichafu. "Tak" moja nzito na taa zikazama: solenoidi imevuta lakini mota haizunguki, hapo chunguza waya mnene, ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi), na stata yenyewe. Ukisikia mota ikivuma bila injini kugeuka, hiyo ni habari ya meno na klachi ya stata, haihusiani na swichi hata kidogo.

Ukisikia kimya, na taa hazikushtuka, umeme haufiki kwenye solenoidi. Hapo ndipo swichi na waya wake vinaposhukiwa. Na kama kuna kimya lakini taa zinafifia waziwazi, ujue umeme unapotelea kabla ya swichi ya taa, maana taa na stata zinagawana njia hadi hapo. Kipimo hiki hakigharimu senti na kinakata njia vipande viwili. Kwenye baadhi ya modeli za miaka ya 1970 swichi yenyewe huzima taa kubwa wakati wa kupiga stata. Kwa hizo tumia taa ya ndani.

Jambo dogo linalowachanganya wanaonunua gari hili kwa mara ya kwanza: swichi nyingi za miaka hiyo zina kizuizi. Ukipiga stata gari lisiwake, huwezi kuzungusha tena mpaka urudishe ufunguo mwisho kabisa. Huo si ubovu, na usiulazimishe, utavunja kitasa.

Hatua ya pili: betri na ethi

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.6. Ikisoma 12.2 iko nusu. Ichaji kwanza, la sivyo vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya. Stata ikizungusha injini isishuke chini ya 9.6. Gari la volti 6, kama zilivyokuwa karibu zote hadi katikati ya miaka ya 1960, linasoma nusu ya namba zote hizi, na kila kipande cha volti kinachopotea kinauma mara mbili.

Fungua vichwa vya betri, visugue mpaka ving'ae, funga, kisha paka grisi juu.

Ethi hufanywa na waya mbili. Mmoja ni wa betri kwenda kwenye bodi. Mwingine, ambao watu wengi hawajui kama upo, ni mkanda wa nyuzi za shaba uliosukwa unaounganisha giaboksi na chesi. Injini na giaboksi zimekaa juu ya mpira, kwa hiyo bila mkanda huo stata haina njia ya kurudisha umeme. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, yaani kwenye risasi yenyewe si kwenye kibanio, na nyingine kwenye chuma cha giaboksi kilichokwanguliwa. Mwenzako apige stata. Mita ikizidi nusu volti, ethi ni mbovu. Fungua, sugua, rudisha, au nunua mkanda mpya. Kama stata haizunguki kabisa kipimo hiki hakitakuambia kitu, lakini mkanda uangalie hata hivyo kwa macho.

Hatua ya tatu: pima kwenye namba 50

Hapa ndipo penye uamuzi. Ingia chini upande wa gurudumu la nyuma la kulia, gari likiwa limekaa chini au juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki peke yake. Kwenye solenoidi utaona boliti mbili kubwa na kibati kimoja kidogo kilichochomekwa waya mwembamba. Hicho kidogo ndicho 50.

Usichomoe waya. Wengi wanakosea hapa: wanachomoa, wanapima ncha ya waya ikiwa peke yake, wanaona volti 12, wanahukumu stata. Waya usiobeba mzigo utaonyesha 12 hata kama swichi imeoza. Pima ukiwa umechomekwa. Ncha nyeusi ya mita kwenye chuma cha giaboksi, nyekundu iguse kibati cha 50, mwenzako azungushe ufunguo kwa sekunde mbili tatu. Asishikilie zaidi ya tano. Koili inapata moto haraka. Testa ya taa haifai kwa kipimo hiki, kwa sababu volti 8 zitaiwasha vizuri tu na utadhani kila kitu ni sawa.

Ukisoma volti 10 na zaidi na solenoidi haivuti, basi ubovu ni wa solenoidi au stata. Swichi haina kosa. Ukisoma sifuri, njia imekatika mahali. Ukisoma 6, 7 au 8, kama nilivyosoma mimi, njia ipo lakini inaula umeme.

Kuthibitisha kuwa stata ni nzima, chukua waya mnene, shika ncha moja kwenye boliti kubwa inayotoka betri, gusa ncha ya pili kwenye 50 kwa nukta moja. Gia iwe fri, ufunguo uwe umezimwa. Stata ikizunguka kwa nguvu, umeshajiokoa na gharama ya stata mpya. Mafundi wengi hufanya hivi kwa bisibisi; mimi napendelea waya, maana bisibisi huteleza na kupiga shoti kwenye chuma karibu na bomba la petroli.

Hatua ya nne: rudi mbele kwenye swichi

Kwenye gari la zamani ufunguo uko kwenye dashibodi. Fungua boneti ya mbele, ondoa ile karatasi ngumu inayofunika nyuma ya dashibodi, na mgongo wa swichi utauona bila hata kupinda shingo. Kwa zile ambazo ufunguo uko kwenye usukani, ni lazima ufungue kifuniko cha chini ya usukani, na kwenye nyingi kitasa na swichi ya umeme ni vipande viwili. Hilo ni jema, maana utabadilisha kipande cha plastiki na kubaki na ufunguo wako wa zamani.

Pima namba 30 kwenye swichi huku mwenzako akiendelea kupiga stata. Ikibaki karibu na volti za betri, njia ya kuja mbele ni nzima. Ikianguka, rudi nyuma: swichi ya taa, regyuleta, boliti ya stata, sugua kila kibati kimoja baada ya kingine. Kisha pima 50 hapohapo kwenye swichi. Tofauti ya 30 na 50 ndiyo inayoliwa na swichi. Mimi nikiona zaidi ya nusu volti sijadili tena, naitoa swichi. Na kama 50 ya swichini inasoma vizuri ila ya kwenye solenoidi inasoma vibaya, mwizi ni waya unaorudi nyuma.

Kuthibitisha kwa mara ya mwisho, unga 30 na 50 za swichi kwa kipande cha waya mnene, kwa nukta moja tu. Stata ikipiga wakati kwa ufunguo haipigi, swichi imehukumiwa.

Yangu niliitoa nikaifungulia juu ya gazeti. Kidole cha shaba cha namba 50 kilikuwa na shimo dogo jeusi, na plastiki iliyokizunguka ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa na kuvimba. Nilikisugua kwa msasa nikakirudisha ili nione. Kilifanya kazi siku tatu. Kusugua ni kwa kufika nyumbani. Shaba iliyopata shimo haiponi, na plastiki iliyoyeyuka haishiki kidole mahali pake. Nunua mpya. Gari hili liliendelea kutengenezwa Puebla, Mexico, hadi Julai 2003, na jumla yake ni zaidi ya milioni 21, kwa hiyo spea bado zipo. Peleka swichi ya zamani dukani, uhesabu vibati na kusoma namba zake ana kwa ana na mpya.

Kabla ya kuichomoa, toa waya hasi wa betri, na upige picha ya nyaya. Namba 30 haizimwi na ufunguo. Ikigusa bodi, moshi utatoka papohapo.

Hatua ya tano: mpunguzie swichi mzigo

Swichi mpya peke yake itaungua kama ile ya kwanza, pole pole. Dawa ya kudumu ni relei, yaani swichi inayoamriwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa: ile ya kawaida ya vibati vinne, ya ampea 30 au 40, volti sawa na gari lako. Ifunge karibu na nyuma, mahali pakavu chini ya kiti, mbali na betri.

Waya wa zamani uliokuwa ukienda 50 ya solenoidi sasa uingie 86 ya relei. Kituo 85 kiende kwenye ethi safi. Kituo 30 kipate umeme kutoka betri kwa waya wa milimita za mraba 4, ukiwa na fyuzi ya ampea 30 karibu na betri. Kituo 87 kiende 50 ya solenoidi kwa waya uleule mnene, mfupi kadiri uwezavyo. Sasa swichi inabeba chini ya nusu ampea, kazi ya kuiamuru relei tu, na umeme mzito unaruka hatua ile fupi uliyodhani unaruka tangu mwanzo.

Relei haiponyi betri mbovu wala ethi iliyooza, na mtu akikufungia bila kupima amekufichia ugonjwa tu. Haiponyi pia bushi ya stata iliyolika.

Ikitokea kinyume chake

Kuna ubovu wa swichi ulio hatari zaidi ya kimya: umeachia ufunguo, injini imewaka, lakini stata inaendelea kulia. Springi ya swichi imechoka, au vidole vimeyeyukiana, au ni ndani ya solenoidi. Usisubiri. Zima, na kama haizimi, inua kiti na ung'oe waya hasi wa betri. Spana ya 13 yangu inakaa chini ya kiti hichohicho kwa sababu hiyo. Ukifunga relei, usiiache tahadhari hii: relei nayo inaweza kuganda.

Ukiwa njiani

Washa ufunguo, gia ya pili, klachi chini, wasukume, achia klachi gari likishika mwendo. Kuegesha kwenye mteremko hadi utakapopata swichi ni busara. Kugonga stata kwa nyundo kunasaidia kama kaboni (brashi za ndani ya stata) zimechoka. Kama ubovu ni swichi, unaiumiza stata bure.

Mwenye Morris Minor au Mini za mwanzo asome hatua hizi akijua tofauti moja kubwa. Gari lake linaweza kuwa halina solenoidi kabisa: umeme wote mzito wa stata unapita kwenye swichi yenyewe, unayoivuta kwa kebo kutoka dashibodi au kuibonyeza sakafuni. Pima kati ya boliti mbili za swichi hiyo wakati wa kupiga stata. Na aangalie kwanza kama bodi yake ni chanya, yaani kichwa chanya cha betri ndicho kimeungwa kwenye bodi, kwa maana nyingi za Kiingereza za wakati huo ziliunganishwa hivyo.

Jaribio la mwisho

Usihesabu kazi imekwisha gari likiwa baridi. Liendeshe angalau dakika 40, injini ipate moto kamili, zima, ngoja dakika 10 joto lipande kwenye stata, kisha pima namba 50 tena huku unapiga. Langu nililipeleka Muheza, kwenye kituo kilekile. Mita ilisoma 10.2 injini ikizunguka. Nikazima na kuwasha mara nne mfululizo, na mara zote nne iliitika.